Jumamosi Sita na Maneno Yanayoumiza: Tathmini ya Kozi Fupi ya Wafasiri Jijini Dar es Salaam

Kwa Jumamosi sita mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, nimehudhuria kozi fupi iliyoandaliwa na kituo kimoja cha mafunzo ya ufasiri kilichopo katikati ya jiji, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Posta ya Zamani. Somo lake lilikuwa moja tu: historia ya maneno ambayo Kiingereza huyatumia kuita matusi, kashfa, laana, kejeli na kauli nyingine za kumuumiza mtu. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezifikisha kwa uongozi na bado zinafanyiwa kazi. Lakini mfasiri, mkalimani, mwandishi wa habari au wakili wa hapa jijini atakayekutana na tangazo la kozi ya namna hii atapata humu kipimo cha kujua kama inamfaa.

Nilijiandikisha kwa sababu ya sentensi moja. Mwaka jana nilipewa kutafsiri maelezo ya shahidi yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha hapa kwetu, ambamo mama mmoja, muuzaji wa duka, alisema kwamba mwajiri wake "abused me in front of customers". Niliandika kwamba mwajiri "alininyanyasa mbele ya wateja". Sentensi ilisomeka vizuri na niliridhika nayo, mpaka wakili aliyenipa kazi aliponipigia simu na kuniuliza mwajiri alifanya nini hasa: alimpiga, alimshika, alimnyima mshahara, au alimtolea maneno? Shahidi mwenyewe alipoulizwa alijibu papo hapo kwamba alitukanwa. Kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki, mtu akisema "he abused me" tunaelewa kwanza kabisa kwamba ametukanwa. Kwa Kiingereza cha London cha leo neno hilohilo humpeleka msomaji kwenye kipigo, udhalilishaji wa kijinsia na mateso ya nyumbani kabla hajafika kwenye maneno. Nilikuwa nimetafsiri Kiingereza cha watu wengine, na yule mama alikaribia kusimama mbele ya hakimu akiwa na malalamiko ambayo hayakuwa yake. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi za aina hii zimeongezeka mezani kwangu, na kila mara neno linapohusu kuumizwa kwa maneno huwa nasita kuendelea.

Ada ni shilingi 180,000 kwa vipindi vyote sita, pamoja na shilingi 15,000 za kitini. Tulikuwa washiriki kumi na wanne katika chumba kilichoko ghorofa ya tatu, chenye viti vya kutosha na feni mbili, moja ikiwa haifanyi kazi kwa wiki zote sita. Saa nne na nusu huletwa chai ya tangawizi na vitumbua kutoka kwa mama lishe wa chini, na hilo limo ndani ya ada. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mwalimu aliendelea kufundisha kwa ubao na kalamu bila kupoteza hata dakika tano, jambo ambalo lilinionyesha mapema kwamba tupo mikononi mwa mtu anayelijua somo lake bila kutegemea mashine.

Mwalimu huyo ni mama wa makamo aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye ufasiri. Siku ya kwanza alichora ubaoni umbo la mtu aliyesimama, bila uso na bila nguo, akasema kwamba kila neno tutakalojifunza tutalipeleka pale linapomgusa mtu huyo. Alianza na "insult", yaani tusi. Katika Kilatini, alisema, "insultare" ni kumrukia mtu, kutokana na kitenzi cha kuruka kilichozaa pia "assault", yaani shambulio. Akachora mshale mwekundu unaotua mabegani. Akakumbusha kwamba madaktari hadi leo huliita jeraha la ghafla la ubongo au la kiungo kingine "insult", bila neno lolote kutamkwa na yeyote, kwa sababu wao wamebaki na ile maana ya shambulio. Baadaye likaja "invective", yaani matusi makali, linalotokana na kuchukuliwa kwa kasi kumwelekea mtu, mzizi uleule wa "vehicle": mtukanaji anakujia kama gari. "Sarcasm", yaani kejeli, ni Kigiriki cha kuchana nyama. "Backbite", yaani kusengenya, linajieleza lenyewe, kwa kuwa jeraha liko mgongoni ambako aliyeng'atwa haoni. "Slur", neno la kumchafua mtu, limeanzia kwenye neno la zamani la matope mepesi, na hapo darasa zima lilisema kwa pamoja, bila kuombwa, "kumpaka mtu matope".

Nimeeleza mchoro huo kwa urefu kwa sababu ndio uliobadilisha namna ninavyofanya kazi. Nilizoea kuyaona maneno haya kama ngazi ya ukali, kwamba hili ni tusi dogo na lile ni tusi kubwa, hivyo nilichagua neno la Kiswahili kwa kukadiria uzito wake tu. Mchoro ulinionyesha kwamba yanatofautiana kwa namna ya kuumiza: kuna linaloruka, kuna linalong'ata, kuna linalochafua, kuna linalotega. Mfasiri anayejua jeraha liko wapi hawezi tena kuyamwaga yote ndani ya kapu moja la "matusi". Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Anayekuumiza nyuma ya kisogo anakusengenya, na akikufanyia ishara za dharau ukiwa umegeuka anakung'onga. Anayekukumbusha fadhila alizokutendea ili ujione mdogo anakusimanga. Anayekurushia neno la mafumbo mbele ya watu anakupiga kijembe. Mshiriki mmoja aliongeza kwamba Qur'ani, katika Sura ya 49 aya ya 12, inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa, na mwalimu aliposikia hivyo alirudi kwenye mchoro, akaunganisha kwa mstari mmoja mgongo wa "backbite" na nyama ya "sarcasm".

"Abuse" alilichora nje ya mwili. Kilatini chake kinasema tu kutumia kitu vibaya, bila kutaja kiungo wala kitendo, na ndiyo maana, kwa maelezo yake, limekuwa na nafasi ya kutanuka: katika karne ya 16 lilikwisha kutumika kwa maneno ya matusi, na baadaye likabeba dawa za kulevya, madaraka, watoto na wanandoa. Afrika Mashariki tulilipokea likiwa na maana ya matusi mbele, tukabaki nayo. Nilipoisikia sentensi hiyo nilijua kwamba ada yangu imerudi.

Kipindi cha pili kilikuwa kizuri kuliko vyote, nacho kilihusu "slander" na "libel", maneno mawili ya kumharibia mtu jina. Wanasheria hujifunza kwamba la kwanza ni la mdomo na la pili ni la maandishi, na wengi huishia hapo. Mwalimu alitupeleka nyuma zaidi. "Slander" limepita katika Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "scandalum", nacho kimetoka kwenye Kigiriki "skandalon", kijiti cha mtego ambacho mnyama akikigusa mtego hufyatuka. Kwa hiyo mshale uliwekwa mguuni. Neno letu la kanisani "kukwaza" linashika picha ileile ya mguu na kizuizi. Jambo la kushangaza ni kwamba "slander" na "scandal" ni neno moja lililoingia Kiingereza kwa milango miwili, moja likawa maneno ya kumharibia mtu jina, jingine likawa tukio lenyewe la aibu.

Hapo mzee mmoja aliyekaa nyuma, karani wa mahakama aliyestaafu, alinyoosha mkono. Alisema: "Mwalimu, sisi hatukuligawa. Kashfa ni kashfa. Gazeti likiandika kashfa ya Richmond, ule mkataba wa umeme, kashfa ni lile jambo lenyewe. Mtu akienda mahakamani kusema nimekashifiwa, kashfa ni maneno aliyosemwa." Mwalimu alimwomba aje mbele aliandike neno hilo ubaoni. Kisha akatueleza kwamba asili yake ni Kiarabu, kutoka kitenzi cha kufunua kilichofunikwa. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kuliona likifunua kitu.

Suala hili si la wapenzi wa kamusi peke yao, kwani linagusa swali zito kuliko yote katika kesi za aina hii: je, aliyesema kweli amekosa? Ikiwa kashfa ni kufunua, basi kilichofunuliwa kilikuwepo. Ikiwa "slander" ni mtego, basi aliyenaswa huenda hakuwa na kosa lolote. "Libel" lina historia nyingine tena, kwani Kilatini "libellus" ni kijitabu tu, karatasi inayopelekwa au kubandikwa, na hakuna ndani yake kitu kinachosema kwamba yaliyoandikwa ni ya uongo. Mwalimu alituonyesha jinsi hilo lilivyokuwa na matokeo. Mwaka 1605, katika kesi ya mtu mmoja, Pickering, aliyekuwa ametunga mashairi ya kumdhalilisha Askofu Mkuu Whitgift aliyekwisha kufariki, mahakama ya Star Chamber ya London ilishikilia kwamba haijalishi kama maandishi ni ya kweli au si ya kweli, wala kama aliyeandikwa yu hai au amekufa. Kosa lilikuwa ni kuvuruga amani. Ilichukua mpaka sheria ya mwaka 1843 kwa mshtakiwa wa jinai nchini Uingereza kuruhusiwa kujitetea kwamba aliyoyaandika ni ya kweli na kwamba kuyatangaza kulikuwa na manufaa kwa umma, na kosa hilo la jinai lilifutwa nchini humo mwaka 2010. Kwa karne mbili na zaidi, basi, sheria ya Kiingereza ya jinai ilikuwa karibu sana na picha iliyomo ndani ya neno letu: ilimwadhibu aliyefunua.

Baada ya darasa mzee yule alinishika mkono kwenye ngazi. Nilimweleza habari za shahidi wangu na sentensi yake, na kwamba wakili alikuwa akifikiria kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho Kiingereza chake kinaziweka pamoja lugha ya "obscene", "abusive" na "insulting". Alisimama kwenye kipandio, akafikiri kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "hilo la kwanza sisi tuliliita matusi ya nguoni. La pili matusi basi. La tatu ni kumvunjia mtu heshima, hata kama hujataja kiungo wala mnyama. Usiyachanganye, maana hakimu atakuuliza ni lipi." Shikamoo yangu ya kumuaga siku ile ilikuwa na uzito kuliko kawaida. Nimetafuta kwa muda mrefu tafsiri ya maneno hayo matatu yanayofuatana, na ilikuwa imekaa kichwani mwa mzee aliyelipa ada sawa na mimi ili aje kujifunza.

Kipindi cha tatu kilinigusa kwa namna nyingine. Kilihusu swali la nani hutajwa pale lugha inapotaka jina la maneno machafu. Kiingereza kilichukua jina la soko la samaki la Billingsgate, lililokuwa kando ya mto Thames, na katika karne ya 17 kikaligeuza kuwa nomino ya kawaida yenye maana ya lugha ya matusi. Soko lenyewe lilihamishwa kutoka hapo mwaka 1982, lakini neno limebaki kwenye kamusi. "Fishwife" zamani lilikuwa mwanamke anayeuza samaki, basi, kwa kuwa "wife" kwa Kiingereza cha kale ni mwanamke yeyote; leo humaanisha mwanamke mwenye mdomo mchafu. Dada mmoja darasani, mkalimani kijana, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mama yangu anauza samaki Feri, na biashara hiyo ndiyo iliyonisomesha. Sijamsikia akimtukana mteja hata siku moja. Mteja ndiye anayemtukana yeye akitajiwa bei." Mwalimu alimwomba arudie ili sote tuandike. Feri iko umbali wa kutembea kutoka darasani, na baadhi yetu tulikuwa tumepita hapo asubuhi ileile.

Kutoka hapo tulipitishwa kwenye maneno yaliyogeuza kazi ya mtu kuwa tusi. "Villain", leo mtu mwovu, alikuwa mfanyakazi wa shamba la bwana; "boor", leo mtu asiye na adabu, alikuwa mkulima; "vulgar", leo chafu au pasipo adabu, ilikuwa sifa ya watu wa kawaida. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, kwa sababu sote tumewahi kusikia, na pengine kutamka, neno "mshamba". Mtu wa shamba amegeuzwa kuwa mtu asiyejua mambo, na tunalitamka hilo katika nchi ambayo wengi wetu tumelishwa na kusomeshwa kwa jembe. Vivyo hivyo tunasema "maneno ya uswahilini" tukimaanisha maneno machafu, huku uswahilini ni mahali wanapoishi watu, pamoja na mimi. Sitalitumia tena hilo katika tafsiri ninayoitia sahihi.

Katika kipindi hichohicho tulisoma habari za "scold". Inaelekea lilitoka kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, kwao "skáld" akiwa mshairi, na washairi hao walijulikana pia kwa mashairi ya kuwaumbua watu. Katika Kiingereza likashuka mpaka kuwa jina la mwanamke mgomvi, na sheria ya Kiingereza ikalifanya kosa la jinai, ambalo adhabu yake ya zamani ilikuwa kumfunga mwanamke kwenye kiti na kumzamisha majini. Kosa hilo lilifutwa rasmi mwaka 1967 tu. Nilitamani mwalimu aliweke jambo hilo kando ya desturi yetu ya kusuta. Kwetu, mwanamke aliyesengenywa hukusanya wenzake wakaenda mpaka mlangoni kwa msengenyaji, na maneno aliyoyasema hurudishwa usoni kwake mbele ya mashahidi na majirani. Pande zote mbili kuna wanawake na maneno makali, ila Uingereza mwanamke alikuwa mshtakiwa, na katika kusuta yeye ndiye anayeendesha shauri. Mwalimu alipita haraka, akasema tutalirudia, na hatukulirudia.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kozi, na haimhusu mwalimu peke yake, kwani mtaala aliukuta. Kiswahili hakimo kwenye ratiba. Huingia pale mshiriki anaponyoosha mkono, na hutoka mwalimu anapotazama saa. Tulifundishwa "flyting", mashindano ya kutukanana kwa mashairi yaliyostawi Scotland, na tukasomewa habari za Dunbar na Kennedy waliopambana kwa beti mnamo mwaka 1500 katika zama za Mfalme James wa Nne, kana kwamba ni kitu cha ajabu kisichopata kuonekana kwingine. Chumba kizima kilikuwa na watu waliokua wakisikiliza mipasho, na wenye umri wangu wanakumbuka jinsi vikundi vya taarab vya TOT na Muungano vilivyojibizana kwenye majukwaa ya jiji hili katika miaka ya 1990, wimbo ukijibu wimbo na mashabiki wakibishana ni nani amempatia mwenzake. Tungekuwa na saa moja ya kulinganisha kanuni za michezo hiyo miwili, yaani nini kinaruhusiwa, nani ni mwamuzi, kwa nini aliyetukanwa kwa wimbo hujibu kwa wimbo na hakimbilii polisi, tungeelewa vizuri zaidi ni lini Kiingereza huhesabu tusi kuwa sanaa na lini hulihesabu kuwa kosa.

Kipindi cha nne, kuhusu viapo na laana, kilikuwa sahihi na chenye manufaa ya wastani. Tulijifunza kwamba "blame" (kulaumu) na "blaspheme" (kukufuru) ni ndugu wa baba mmoja wa Kigiriki. Kwamba sheria ya mwaka 1606 iliwatoza waigizaji wa Uingereza faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Na kwamba kwa karne kadhaa kilichowashtua Waingereza kilihama kutoka kwenye dini kwenda kwenye mwili, na katika zama zetu kwenda kwenye asili na rangi ya mtu. Kwangu mimi faida ilikuwa katika kitenzi kimoja, "swear", ambacho Kiingereza hukitumia kwa kula kiapo na kwa kutukana vilevile. Nimeona tafsiri, ya mfasiri mwenzangu nisiyemtaja, ambamo "he swore at the conductor" imekuwa "alimwapia konda". Msomaji wa Kiswahili atadhani abiria alikuwa akimhakikishia konda kwamba nauli ameshalipa.

Kitini cha kipindi hicho kina kosa ambalo halipaswi kuendelea kuchapishwa. Kinadai kwamba lile neno la herufi nne linalohesabiwa kuwa miongoni mwa machafu zaidi katika Kiingereza lilianza kama kifupisho cha amri ya kifalme. Hiyo ni hadithi ya mtaani. Neno hilo lina ndugu zake katika lugha nyingine za jamii ya Kijerumani, na desturi ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ni ya juzi tu. Nilimweleza mwalimu wakati wa chai. Alikisoma kitini, ambacho hakukiandika yeye, na aliporudi darasani alilisahihisha mbele ya wote kwa kutueleza kwamba hata kamusi kubwa ya Oxford, iliyotoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1884 hadi 1928, ililiacha neno hilo kabisa kwa sababu ya haya, na likapewa nafasi katika nyongeza ya mwaka 1972 tu. Namheshimu kwa hilo. Lakini kitini kilichouzwa kwa shilingi 15,000 kingepaswa kuwa kimesomwa na mtu kabla yetu, na kurasa tatu za nakala yangu zilikuwa zimefifia kiasi cha kutosomeka.

Kipindi cha tano kilikuwa mazoezi ya kutafsiri, nayo yalikuwa mazuri, kila mmoja akipewa aya tatu fupi na kutetea uchaguzi wake mbele ya wenzake.

Kipindi cha sita ndicho kilichonisikitisha, kwa kuwa kilikuwa na jambo zito na kilipewa muda mdogo. Kilihusu kauli za chuki, istilahi iliyoenea katika maandishi ya wanasheria wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, ingawa mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi wa mwaka 1965 ulikwisha kuzitaka nchi ziadhibu uchochezi wa aina hiyo. Mwalimu alianza kutoka mahali sahihi kabisa kwa darasa la Tanzania: Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilitoa hukumu katika kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji ya kimbari, ikiwatia hatiani watu watatu, wakiwamo waliohusika na kituo cha redio cha RTLM. Sehemu kubwa ya kesi ilihusu maana ya maneno. "Inyenzi", yaani mende, lilikuwa limetumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji waliovuka mpaka. Majaji walilazimika kupima kama mtangazaji wa mwaka 1994 alipolitamka alimaanisha wapiganaji, au alimaanisha Watutsi wote. Neno lilitamkwa kwa Kinyarwanda, likasikilizwa kwa Kifaransa na Kiingereza kupitia vinywa vya wakalimani, na hatima ya watu ikawa inapita hapo. Rufaa ya mwaka 2007 ilibatilisha sehemu ya hukumu na kupunguza adhabu, lakini swali la maana ya neno lilibaki kwenye kumbukumbu za mahakama.

Mwalimu alipofika hapo chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia feni. Mshiriki mmoja aliuliza ni nani hubeba lawama mkalimani anapochagua neno jepesi kuliko lililotamkwa, na mwingine akauliza kuhusu neno zito kuliko lililotamkwa. Yalikuwa maswali bora kuliko yote yaliyoulizwa kwa wiki sita. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na kati ya hizo kumi na tano zilitumika kugawa vyeti na kupiga picha. Nimewaandikia wahusika kwamba kipindi hiki kipewe Jumamosi mbili, na kile cha viapo kipunguzwe. Wamejibu kwamba watalifikiria pamoja na pendekezo la kuweka Kiswahili kwenye ratiba.

Kwa mfasiri wa hati za kisheria na kwa mhariri wa habari, naipendekeza kozi hii hata kwa hali yake ya sasa, kwa sababu ya vipindi vitatu vya kwanza na kwa sababu ya mwalimu. Anayetafuta orodha ya maneno ya kukariri aelewe kwamba hatapewa. Anayeanza kujifunza Kiingereza asubiri, kwani kasi ni kubwa na Kilatini ni kingi. Ushauri wangu ni kukaa karibu na dirisha kwa ajili ya hewa, kudai kitini kinachosomeka kabla ya kulipia, na kumtafuta yule mzee karani ikiwa atajiandikisha tena, kama alivyoniambia kwamba atafanya. Mimi nimemlipia msaidizi wangu nafasi katika awamu inayofuata. Maelezo ya yule shahidi niliyarekebisha wiki ya pili ya kozi, bila malipo ya ziada, na sentensi yake sasa inasema: "Alinitukana mbele ya wateja." Wakili aliponiuliza ni matusi ya aina gani, nilimjibu kwamba hilo tumuulize mwenyewe, tuyaandike maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na ndivyo tulivyofanya.